"Mama, hii gunia iko na homa": kiangazi nyumbani na mbegu ya Septemba



Mwezi wa saba ukifika hapa Kirumba, nyumba inabadilika. Mvua imekwenda. Barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma kuelekea Butembo, inageuka unga. Gari moja ikipita unafunga dirisha, unafunika sufuria, na nguo ulizofua asubuhi zinarudi kuwa kama hazikufuliwa. Watu wa Kisangani watatucheka wakisikia tunalalamika juu ya joto, maana usiku sisi tunajifunika blanketi mbili. Lakini jua ya saa saba mchana, bila wingu hata moja, kila mtu aliyesimama nayo shambani anaijua.

Kwa kawaida katika ukurasa huu tunaongea juu ya shamba: mistari, mbolea, magonjwa ya muhogo. Leo ninaomba tuongee juu ya nyumba. Mimi ni agronome, lakini pia ni mama wa watoto watatu, bwana yangu ni motari, na mama mkwe anaishi kwetu. Mambo nitakayosimulia ni ya kwetu. Nadhani wengi mtajikuta ndani yake.

Mahangaiko madogo, gunia moja

Wakati wa kiangazi hakuna shida kubwa moja. Kuna ndogo ndogo nyingi.

Ya kwanza ni maji. Chemchem yetu, mwezi wa nne inajaza bidoni ukiwa bado unasalimia watu wawili. Mwezi wa saba unamaliza habari za mtaa wote na bidoni haijafika nusu. Binti yangu mkubwa anaamka giza ili akute msururu mfupi, na mimi sipendi atoke giza. Basi tunabishana, na mwisho wake ninamsindikiza.

Ya pili ni watoto kuwa nyumbani. Masomo yamefungwa, vakansi ni ndefu, na mtoto aliye nyumbani anauliza chakula mara nne. Mdogo anakohoa juu ya vumbi. Wa katikati amepasua viatu, vile tulivyosema vitafika mpaka Septemba.

Ya tatu ni hiyo Septemba yenyewe. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na hilo lilitusaidia sana. Lakini daftari si za bure, viatu si vya bure, na mtoto aliye sekondari bado analipiwa. Halafu kiangazi ni wakati wa ndoa. Simu inalia: mtoto wa shangazi anaoa, leteni mchango. Simu inalia tena: kuna matanga. Piki-piki inaomba mnyororo mpya. Chumvi imekwisha. Sabuni imekwisha.

Kila shida kati ya hizo, peke yake, ni ndogo. Lakini tazameni zote zinakwenda kugonga wapi. Nyumba ya mkulima haina sanduku la feza. Iko na gunia ya maharagi kwenye kona ya chumba, na kila shida inatuma kopo ndani ya ile gunia.

Kiangazi moja niliamua kuandika. Nilichukua daftari nikaandika kila kopo lililotoka, kopo lile dogo la nyanya. Kwa siku 30, chakula chetu kilichukua makopo 41. Mambo mengine, yaani sabuni, chumvi, mchango wa ndoa na kusaga muhogo, yalichukua 26. Jumla 67, karibu kilo 23. Gunia yetu ilikuwa na kilo 70 hivi. Fanyeni hesabu pamoja nami: kilo 23 kila mwezi, gunia inafika miezi mitatu. Ukianza katikati ya mwezi wa sita, unakuta chini ya gunia katikati ya Septemba. Ndiyo wiki ile mvua inapotulia na majirani wanapanda.

Hakuna mtu nyumbani aliyeamua kula mbegu. Mimi sikuamua, bwana yangu hakuamua. Ilikwenda kopo kwa kopo.

Gunia iliyopata homa

Lakini kuna mwaka ambapo hata hatukufika kula. Huo ni mwaka 2023, na ninausimulia kwa haya kidogo.

Mwezi wa sita tulivuna karibu kilo 140 kwenye shamba yetu ya ari 20. Nusu tuliuza palepale, maana moto ya bwana yangu ilikuwa imekufa pistoni. Bei ilikuwa chini kama kila mara wakati wa mavuno, kwa sababu kila mtu analeta soko siku moja. Nusu nyingine niliianika siku mbili tu. Nilikuwa ninatakiwa kwenda kufundisha kikundi kingine, na nikajiambia: maharagi yanaonekana makavu, nitayaanika tena nikirudi. Nilirudi, nikasahau. Gunia ikabaki ukutani, chini kwenye udongo, mdomo umefungwa na kamba.

Mwisho wa mwezi wa nane, mtoto wetu mdogo, wakati ule miaka minne, alikuwa amepanda juu ya gunia kuchungulia dirishani. Akasema:

"Mama, hii gunia iko na homa."

Nilicheka. Akasema tena: "Kweli, Mama. Shika."

Nikaweka mkono. Gunia ilikuwa na joto kweli, kama tumbo la mtu mgonjwa. Nilipofungua kamba, unga mweupe uliinuka, na vidudu vidogo vya rangi ya majivu vikaanza kupanda kwenye mkono wangu. Niliingiza mkono mpaka kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kuliko juu. Nikachukua punje 100, nikahesabu: 61 zilikuwa na tundu, nyingine matundu matatu au manne.

Wanasema akiba haiozi. Ya kwangu ilioza mbele ya macho yangu, na mimi niko na diploma ya kilimo kwenye ukuta wa chumba hicho hicho.

Wiki ya pili ya Septemba nilikwenda sokoni kununua mbegu. Nililipa karibu mara mbili ya bei niliyouzia mwezi wa sita. Jirani mmoja aliniona, akauliza kwa upole, bila ubaya: "Agronome, na wewe unanunua mbegu?" Sikujua nijibu nini. Feza ilifika kwa ari 12 tu. Mbegu ilikuwa mchanganyiko, nyingine ndefu, nyingine fupi, nyingine haikuota. Na nilichelewa wiki mbili. Mavuno ya mwezi wa kumi na mbili yalikuwa madogo, na kiangazi kilichofuata kilianza vibaya kabla hakijafika. Ndivyo kopo moja la mwezi wa saba linavyotembea mpaka mwaka mwingine.

Kidudu kinafanya nini?

Kidudu hiki cha maharagi, ambacho kwa jina la kisayansi kinaitwa Acanthoscelides obtectus, kinapenda milima kama yetu. Wengi wanadhani kinazaliwa ndani ya gunia. Hapana. Mara nyingi kinatoka shambani. Jike linataga mayai kwenye maganda yaliyokauka na kupasuka. Ukiacha maharagi shambani wiki mbili zaidi baada ya kukauka, umewapa nafasi. Unaleta nyumbani gunia nzuri kwa macho, kumbe watoto wao wako ndani.

Mtoto wa kidudu akitoka katika yai, anatafuta punje, anatoboa na kuingia. Tundu la kuingilia ni dogo sana, huwezi kuliona. Anakula ndani mpaka anakua, kisha anatoka kwa lile tundu la mviringo tunalolijua. Wakati unapoona matundu, kizazi kimoja kimeshamaliza kula na kimetoka. Jike moja linataga makumi ya mayai, na kukiwa na joto, mzunguko wote unachukua karibu mwezi mmoja. Kwenye baridi unachukua muda zaidi. Toka mavuno ya mwezi wa sita mpaka Septemba kuna nafasi ya vizazi viwili, hata vitatu. Vidudu vingi vikipumua pamoja vinatoa joto na unyevu, na ile joto inavisaidia kuzaana upesi zaidi. Ndiyo homa ambayo mtoto wangu aliisikia.

Basi tazameni: jua ile ile inayotusumbua vichwa ndiyo dawa ya kwanza ya maharagi. Mimi nililalamika juu ya jua mwezi mzima, na sikuitumia.

Mama mkwe na majivu

Jioni ile mama mkwe alikaa karibu na moto, akaniangalia nikichekecha unga. Hakusema kitu mpaka nilipomaliza. Kisha akasimama, akashusha kutoka juu ya jiko bidoni ya litre tano, nyeusi kwa moshi, akaifungua. Ilikuwa imejaa maharagi na majivu. Akamimina kidogo kwenye mkono wangu, akapuliza. Punje zilikuwa nzima, zinang'aa.

"Mwanangu," akasema, "kitabu yako inakufundisha muzuri namna ya kupanda. Haikukuambia kama mbegu inapita kwanza nyumbani?"

Nikamjibu: "Iliniambia, Mama. Ni mimi sikusikiliza."

Akacheka, na hakurudia tena jambo hilo mbele ya watu. Namshukuru kwa hilo.

Yale anayofanya yeye, sayansi inayakubali. Majivu makavu yaliyochekechwa yanajaza nafasi kati ya punje, kidudu hakipati njia ya kutembea wala kukutana na mwenzake. Pia yanakwaruza ngozi yake, kinapoteza maji na kukauka. Moshi wa jiko unafukuza na kukausha. Na alikuwa na desturi nyingine ambayo mimi niliiona kama mchezo: kila asubuhi na jioni, aliigeuza gunia yake ndogo ya chakula, anaiviringisha chini mara mbili tatu. Mtoto wa kidudu anahitaji kujishikiza kati ya punje mbili ili atoboe, na kazi hiyo inamchukua saa nyingi. Ukigeuza, anapoteza mahali pake na kuanza upya. Ukigeuza kila siku, wengi wanakufa bila kuingia. Sasa kazi hiyo kwetu ni ya watoto. Wanaviringisha gunia kama mpira, na kwa mara ya kwanza vakansi inatusaidia.

Bidoni iliyokimbia pamoja nasi

Mwisho wa mwezi wa sita 2024, vita ilifika Kanyabayonga, kisha Kirumba. Ilikuwa wakati wa mavuno. Wengi wetu tuliacha maharagi shambani, mengine yakiwa yameng'olewa na kupangwa, hayajapigwa.

Katika kutoka, kila mmoja anashika kile anachoweza. Bwana yangu aliweka watoto wawili wadogo kwenye moto. Mimi na binti mkubwa tulibeba sufuria, blanketi, na bahasha ya karatasi za shule. Mama mkwe alishika bidoni yake ya litre tano. Bwana yangu akamwambia: "Mama, acha ile, njia ni ndefu. Kamata maji." Hakujibu. Aliiweka kichwani na kuanza kutembea kuelekea Lubero.

Tulifika Butembo kwa ndugu. Walikuwa tayari na wageni wengine, lakini walisogea. Ninawashukuru wale wote wa Lubero, Butembo na Beni waliofungulia watu milango, maana nyumba ya watu saba ikiwa na watu 16, hata chumvi inakuwa swali. Siku nyingine tulikula bugali na lenga-lenga tupu. Jioni moja watoto walilia, na macho ya watu wote yalikwenda kwenye kona ilipokuwa ile bidoni. Mimi mwenyewe niliuliza: "Mama, tufungue?"

Akasema: "Hii si chakula. Hii ni shamba."

Sitasema ilikuwa rahisi. Kama mtoto angekuwa mgonjwa kwa njaa, tungefungua, na ingekuwa haki. Lakini siku ile tulipata muhogo kwa jirani, na bidoni ikabaki imefungwa.

Tuliporudi Kirumba, gunia zote zilizokuwa nyumbani hazikuwepo. Bidoni ile ilikuwa na kilo nne. Mwezi wa tisa tulipanda ari tano tu, mama mkwe mwenyewe akiangusha punje mbili mbili. Mwezi wa kumi na mbili tulivuna kilo 31. Hizo kilo 31 ndizo zilizotupa mbegu ya msimu uliofuata, pamoja na kilo chache kwa majirani wawili ambao hawakuwa na kitu. Najua kati yenu kuna ambao hawajarudi, au wamerudi na hawana hata kilo moja. Kwa ajili yenu pia nimeandika maneno ya mwisho kuhusu koperative.

Namna tunavyofanya sasa

Haya ndiyo tunayofuata nyumbani. Hakuna kinachoomba feza nyingi.

1. Kutenga siku ya mavuno. Kabla ya kuuza, kabla ya kula, mbegu inatoka kwanza. Tunachagua mimea iliyo safi tangu shambani, isiyo na majani yenye madoa wala maganda yaliyooza. Kipimo ni hiki: hekta moja ya maharagi mafupi inaomba kilo 80 mpaka 100, kufuatana na ukubwa wa punje. Ari 20, yaani mita 50 kwa 40, inaomba kilo 16 mpaka 20. Bidoni ya litre 20 ikijaa inabeba karibu kilo 15 au 16. Basi kumbuka tu: bidoni moja kubwa ni mbegu ya ari 20, ukipanda bila kutapanya. Ya litre tano ni ari tano.

2. Kuvuna upesi na kuanika vizuri. Maganda yakikauka, usingoje. Ng'oa asubuhi kungali na umande kidogo ili yasipasuke shambani. Anika juu ya bashi au mkeka, si juu ya udongo. Baada ya kupiga na kupepeta, anika tena siku tatu au nne, ukigeuza mara kwa mara. Jioni ingiza ndani, maana umande wa usiku unarudisha maji yote. Mbegu usiianike juu ya bati lenye moto.

3. Kupima kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Weka maharagi mpaka robo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka kwenye jua. Tikisa dakika tatu, acha itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, maharagi bado yana maji mengi. Ikianguka yote chini, yamekauka kiasi. Mimi, kwa mbegu ya kufungia ndani ya bidoni, ninaongeza siku moja ya jua hata baada ya chumvi kukubali, kwa sababu ndani ya chombo kilichofungwa unyevu hauna pa kutokea.

4. Kufunga hewa. Osha bidoni, ikaushe siku mbili mdomo ukiwa chini. Usitumie bidoni iliyobeba petroli au dawa ya shamba. Jaza mpaka shingoni, ukigonga chini ili punje zikae, kwa sababu nafasi tupu ni hewa. Funga kwa nguvu, paka sabuni au nta ya mshumaa kuzunguka kifuniko. Vidudu vilivyobaki ndani vitamaliza hewa na kufa. Usifungue kila wiki ili kuchungulia, maana kila ukifungua unawapa pumzi. Wenye kuweza kupata magunia ya tabaka tatu, yale yenye plastiki mbili ndani, yanafanya kazi kwa njia hiyo hiyo: funga plastiki moja moja kwa kukunja na kamba. Kama huna bidoni, majivu ya mama mkwe yanatosha. Yawe mengi, makavu, yaliyopoa, na tabaka ya majivu juu.

Hapa kuna ugomvi wa kiangazi ninaoujua vizuri. Mwezi wa nane, maji yakiwa shida, binti yangu ananiambia: "Mama, tumwage hii ya mbegu kwenye gunia, tukamate bidoni ya maji." Ni kweli, bidoni ni chache. Suluhisho letu lilikuwa kutafuta ile yenye ufa juu karibu na mkono, ambayo haiwezi kubebea maji, kuziba ufa kwa plastiki iliyoyeyushwa, na kufunga kitambaa chekundu. Kitambaa chekundu kwetu maana yake: haiguswi.

5. Kujaribu katikati ya mwezi wa nane. Siku hiyo moja tunafungua. Tunachukua punje 100, tunazipanga kwenye kitambaa chenye maji, tunakikunja na kukilaza kwenye sahani, tunakinyunyizia kila siku. Baada ya wiki moja tunahesabu. Zikiota 80 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa kati ya 60 na 80, panda kwa wingi zaidi. Chini ya hapo, anza kutafuta mbegu nyingine, na bado uko na wiki tatu kabla ya bei kupanda. Mwaka 2023, wiki tatu hizo ndizo nilizokosa.

6. Kuongea. Hili si jambo la agronome, lakini bila hili mengine yote hayasimami. Bwana na mama wakae chini siku ya mavuno, watoto wakisikia, waseme: hii ni ya kula, hii ni ya kuuza, hii ni ya kupanda. Mara nyingi papa anauza mbegu bila kumwambia mama, au mama anapika bila kumwambia papa, na kila mmoja anadhani mwenzake ameacha kidogo. Kwetu bidoni inalala chini ya kitanda cha mama mkwe. Anayetaka kuifungua, amwombe yeye. Mpaka leo hakuna aliyethubutu.

Neno moja juu ya dawa za unga zinazouzwa sokoni ndani ya vifuko visivyo na maandishi. Usizichanganye kamwe na maharagi ambayo familia inaweza kula. Mbegu iliyopakwa dawa haipikwi, hata ukiosha mara kumi. Na kila chombo cha mbegu kiwekwe mbali na watoto.

Koperative inaweza nini?

Nyumba peke yake haitashinda kiangazi. Nimeshawaonyesha: shida za feza ndizo zinazomaliza gunia, kuliko hata vidudu. Kwa hiyo ninaweka mbele yenu mambo matatu tuyaongee katika mkutano ujao.

La kwanza, vikundi vyetu vya AVEC. Vikundi vingi vinagawa akiba mwisho wa mwaka, wakati wa sikukuu. Kwa nini kikundi cha wakulima kisigawe wiki ya mwisho ya mwezi wa nane? Hapo feza ya daftari na viatu inatoka kwenye kisanduku, na gunia inapumua. Mfuko wa jamii nao ukopeshe kwa matanga na ugonjwa, ili mtu asikimbilie mbegu yake.

La pili, ghala ndogo ya mbegu. Kila mwanachama anaweka kilo mbili baada ya mavuno, zimekauka na kupimwa kwa chumvi mbele ya wote. Septemba, aliyepoteza anakopa kilo nne, na baada ya mavuno anarudisha tano. Na isikae yote katika nyumba moja. Tumejifunza mwaka 2024 kwamba kitu kilichowekwa mahali pamoja kinapotea pamoja. Tuigawe katika nyumba tano au sita, hata moja iwe kwa wenzetu wa Butembo.

La tatu, kununua pamoja. Magunia ya tabaka tatu na bashi ya kuanikia ni ghali kwa mtu mmoja, lakini bashi moja inaweza kuzunguka nyumba nane kwa zamu katika wiki mbili za mavuno.

Ninamaliza na kazi ndogo kwa leo jioni, kabla ya kulala. Nenda kwenye gunia yako. Usiangalie juu tu, juu kunadanganya. Fungua kamba, ingiza mkono mpaka kiwiko, ngoja kidogo. Ukikuta ndani kuna baridi kama juu, funga na ulale vizuri. Ukikuta kuna joto, usingoje Jumapili: kesho asubuhi jua ikitoka, toa yote nje, anika, chekecha, tenga nzima kwa mbegu na zilizotoboka kwa chakula cha wiki hii. Na ukiwa na mtoto mdogo, mwite naye aweke mkono. Sisi tunaona gunia kila siku mpaka hatuioni tena, lakini yeye atakuambia ukweli.